William Sheppard, mtoto wa kinyozi wa Virginia aliyehesabu mikono iliyokatwa Kasai

Ukiuliza juu ya watu wakubwa wa jimbo la Virginia, huko mashariki mwa Marekani, utatajiwa kwanza marais. Wanane walizaliwa katika jimbo hilo, kuanzia George Washington, na wanne wa kwanza kati yao walikuwa na watumwa kwenye mashamba yao. Jina la William Henry Sheppard si rahisi kulisikia hapo. Alikuwa mtu mweusi, mtoto wa kinyozi, mchungaji wa kanisa la Presbiteri. Lakini kwa Wakongomani ni vigumu kupata mtu mwingine wa Virginia ambaye historia ya Kongo inamdai heshima kama yeye. Mwaka 1899 alifika katika kambi ya wauaji huko Kasai, akahesabu kwa mkono wake mikono iliyokatwa, akaandika alichokiona. Miaka 10 baadaye aliitwa mahakamani Léopoldville, Kinshasa ya leo, kwa sababu hakunyamaza.

Sheppard alizaliwa tarehe 8 mwezi wa tatu mwaka 1865 katika mji mdogo wa Waynesboro, kwenye bonde la Shenandoah. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa vinaelekea mwisho. Richmond, mji mkuu wa Virginia, ndio uliokuwa makao ya majimbo ya kusini yaliyopigania kubaki na utumwa. Mwezi mmoja baada ya mtoto huyo kuzaliwa, jenerali Robert Lee, naye mtu wa Virginia, alisalimu amri huko huko Virginia, mahali panapoitwa Appomattox. Mama yake Sheppard, Fannie, alizaliwa akiwa mtu huru, na kwa sheria ya wakati ule mtoto alifuata hali ya mama. Kwa hiyo William hakuwahi kuwa mtumwa, hata kwa siku moja. Mama alihudumia wanawake waliokuja kuoga kwenye chemchemi za maji moto. Baba alinyoa watu na pia alifanya usafi na kutunza jengo la kanisa la wazungu.

Akiwa bado kijana mdogo, William alitumwa kufanya kazi kwa daktari wa meno mzungu katika mji jirani wa Staunton. Alitunza farasi. Katika nyumba ile alipewa vitabu na kutiwa moyo wa kusoma, jambo ambalo si watoto wengi weusi wa kusini walilipata miaka hiyo.

Mwaka 1880, akiwa na miaka 15, alijiunga na shule ya Hampton, iliyofunguliwa mwaka 1868 kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Hakuwa na pesa, kwa hiyo mchana alifanya kazi na usiku alisoma. Mmoja wa waliomfundisha katika masomo ya usiku alikuwa Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa huko huko Virginia na ambaye baadaye alikuwa Mmarekani mweusi mwenye jina kubwa kuliko wote wa kizazi chake. Shule ya Hampton iko karibu kabisa na mahali ambapo mwaka 1619 meli ya Waingereza iliwashusha Waafrika wa kwanza kuletwa Virginia, watu 20 na kidogo, waliokamatwa upande wa Angola. Angola hiyo inapakana na Kasai, mahali ambapo Sheppard alikuja kuishi karibu miaka 20.

Baada ya Hampton alisomea uchungaji Tuscaloosa, jimbo la Alabama, akahubiri Atlanta. Maisha ya mchungaji wa mjini hayakumfurahisha. Alitaka Afrika.

Aliwaandikia wakubwa wa kanisa lake barua kwa karibu miaka 2, bila jibu la maana. Mwishowe alipanda treni mpaka Baltimore kwenda kuwauliza uso kwa uso. Sababu waliyompa ilikuwa wazi: hawakuwa tayari kumtuma mtu mweusi peke yake bila mzungu wa kumsimamia. Akangoja mzungu apatikane. Alipatikana Samuel Lapsley, kijana wa Alabama, mdogo kwake kwa umri, mtoto wa familia iliyokuwa na watumwa.

Nyuma ya safari hiyo kulikuwa pia na siasa. Baba yake Lapsley alikuwa amefanya kazi ya uanasheria pamoja na John Tyler Morgan, seneta wa Alabama, jenerali wa zamani wa jeshi la kusini. Morgan ndiye aliyepigania sana mpaka Marekani, mwezi wa nne mwaka 1884, ikawa nchi ya kwanza kutambua madai ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, juu ya Kongo. Ndoto ya seneta ilikuwa kuwaondoa watu weusi Marekani na kuwapeleka Kongo. Kwake yeye, Sheppard alikuwa mfano wa kuanzia. Sheppard mwenyewe aliondoka kwa sababu zake, na kazi aliyokwenda kuifanya iliishia kumuumiza Leopold kuliko kumsaidia.

Vijana hao wawili walipanda meli New York mwezi wa pili mwaka 1890. Njiani Lapsley alipokelewa na Leopold mwenyewe mjini Brussels, akatoka huko amevutiwa kabisa na upole wa mfalme. Mwezi wa tano walifika Banana, kwenye mdomo wa mto Kongo. Reli ya Matadi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kujengwa, kwa hiyo walitembea kwa miguu na wapagazi mpaka Léopoldville. Mwezi wa nne mwaka 1891 walifika Luebo, Kasai, wakafungua kituo chao.

Huko ndipo cheo cha msimamizi kilipoanza kupotea chenyewe. Sheppard alikuwa mrefu, mwenye nguvu, mwindaji hodari aliyepiga viboko mtoni ili watu wapate nyama. Alijifunza lugha haraka. Lapsley, katika barua zake kwa familia, alimsifu mara kwa mara na kukiri kwamba mwenzake ndiye aliyejua zaidi namna ya kuishi na wenyeji. Watu walishindwa kumweka katika kundi lolote: rangi yao, nguo za kizungu. Wakamwita Mundele Ndom, mzungu mweusi.

Mwezi wa kwanza mwaka 1892 Lapsley alishuka Boma kushughulikia karatasi za ardhi ya kituo. Hakurudi. Homa ilimuua Matadi mwezi wa tatu, akiwa na miaka 25. Kanisa lililokataa kumtuma mtu mweusi peke yake sasa lilikuwa na mtu mweusi peke yake katikati ya Kasai, na kazi iliendelea.

Mayai mpaka Mushenge

Wakati huo ufalme wa Wakuba ulikuwa umefungwa. Mfalme wao, nyimi Kot aMbweeky, alikuwa ametangaza kwamba yeyote atakayemwonyesha mgeni njia ya kwenda mji mkuu, Mushenge, atakatwa kichwa. Wafanyabiashara wa pembe za ndovu walikuwa wamejaribu na zawadi zao wakarudishwa.

Sheppard hakwenda na zawadi. Kwanza alijifunza Kikuba kutoka kwa Wakuba waliokuja kufanya biashara Luebo. Kisha akaondoka na watu wake kuelekea kaskazini, akisema anatafuta mayai ya kununua. Katika kijiji cha kwanza alinunua mayai yote, akala, akagawa, mpaka chifu akasema yameisha. Akaomba ruhusa mtu wake mmoja tu aende kijiji kinachofuata kutafuta mengine. Mtu yule alirudi akiijua njia. Wakahamia kijiji cha pili, na hadithi ikaanza upya. Alikula mayai mengi sana katika safari ile.

Mfalme alipopata habari, alimtuma mtoto wake na askari wawakamate wote: mgeni, wapagazi, na wanakijiji waliompokea. Sheppard aliomba wanakijiji waachwe, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha njia, alikuja mwenyewe. Mtoto wa mfalme alishangaa kumsikia mgeni akijitetea kwa Kikuba. Akarudi kutoa habari. Wazee wa baraza walikaa, wakafikiri, wakapata jibu: mtu mweusi anayejua njia na lugha bila kufundishwa na mtu wao hawezi kuwa mgeni. Ni mfalme wa zamani, Bope Mekabe, aliyerudi katika mwili mwingine. Sheppard aliwaambia kwamba sivyo. Hawakumwamini, na akapokelewa kwa shangwe.

Alikaa Mushenge karibu miezi 4. Maandishi yake juu ya mji ule bado yanasomwa na wataalamu wa historia ya Kongo, kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza kutoka nje kuuona na kuuandika. Alieleza barabara zilizonyooka na kufagiliwa, uchongaji wa vikombe na sanduku, nguo za rafia zenye michoro ambazo leo ziko katika majumba ya makumbusho duniani kote. Hakuficha pia yaliyomchukiza, kama ile desturi ya kumnywesha sumu mtu aliyeshtakiwa uchawi, na ya kuua watumwa ili wazikwe na bwana wao. Lakini hakuwaandika Wakuba kama washenzi, wakati ambapo karibu kila kitabu cha Ulaya juu ya Kongo kilifanya hivyo.

Mwaka 1893, akiwa na miaka 28, Sheppard alipita London na kupokelewa kuwa mwanachama wa Shirika la Kifalme la Jiografia la Uingereza. Nyumbani Virginia alipata umaarufu pia, wa aina nyingine. Wazungu walijaa kumsikiliza makanisani. Mwanamke mzungu mmoja wa Waynesboro baadaye alimkumbuka kwa sifa hii: kwamba hata baada ya Afrika hakusahau nafasi yake, na kila alipokuja kutembelea wazungu alipita mlango wa nyuma. Aliyesema hivyo aliona anampa heshima.

Mwezi wa pili mwaka 1894 alimwoa Lucy Gantt, mwalimu na mwimbaji, waliyechumbiana tangu miaka ya Tuscaloosa. Wakarudi Kongo pamoja. Watoto wao wawili wa kwanza, wasichana, walikufa wakiwa wachanga. Lucy alifundisha watoto, akaanzisha masomo ya wanawake, na kwa vipindi virefu alilazimika kurudi Marekani kuokoa afya yake na ya mtoto Wilhelmina. Bila yeye, kituo cha Luebo na kile kipya cha Ibanche, karibu na nchi ya Wakuba, visingekuwa vile vilivyokuwa.

Mikono 81

Wakati Sheppard anafika Kongo, Leopold alitafuta zaidi pembe za ndovu. Baada ya magurudumu ya hewa kuenea Ulaya, kilichotakiwa ni mpira wa miti, yaani kauchu. Nchi Huru ya Kongo, ambayo uhuru wake ulikuwa wa mfalme peke yake, ilidai kila kijiji kilete kauchu, chakula na wapagazi. Kijiji kilichokataa kilitumiwa bunduki. Askari walitakiwa kuonyesha risasi zimetumika kwa watu, hazikupotezwa kwa kuwinda, na uthibitisho ulikuwa mkono wa kuume wa aliyeuawa.

Mwezi wa tisa mwaka 1899 habari zilifika Luebo kwamba Wazappo Zap wanachoma vijiji upande wa Pianga. Hao walikuwa wapiganaji wenye asili ya Wasongye, waliohamia karibu na Luluabourg, Kananga ya leo, na serikali iliwapa bunduki na kuwatumia kukusanya kodi. William Morrison, mkuu wa misheni, alimwomba Sheppard aende kuchunguza. Morrison naye alikuwa mtu wa Virginia, mzungu, kutoka upande wa Lexington, si mbali na Waynesboro.

Sheppard alijua kwamba huenda hatarudi. Njiani alikutana na watu wanaokimbia, vijiji vilivyobaki majivu. Alipofika kambini, kiongozi wa wapiganaji, Malumba, alimtambua. Waliwahi kukutana, na Malumba alidhani mtu huyu aliyevaa kama maofisa ametumwa na serikali kuangalia kazi inavyokwenda. Kwa hiyo akamwonyesha kila kitu: miili, wanawake 60 waliofungwa, na juu ya moto mdogo, jukwaa la vijiti ambapo mikono ilikuwa inakaushwa kwa moshi isioze kabla ya kupelekwa kwa wakubwa. Sheppard aliihesabu. Ilikuwa 81, yote ya kuume. Akauliza maswali, akaandika majibu.

Tofauti kati ya Sheppard na wengi waliolalamika kabla yake iko hapo. Habari za mikono zilikuwa zimeanza kusikika. Yeye alileta namba, mahali, tarehe, jina la aliyeongoza, na maelezo ya mtu aliyetekeleza mwenyewe. Morrison alizifikisha kwa serikali na kwa magazeti, na kuanzia mwaka 1900 zilisomwa Marekani na Ulaya. Mwandishi Mark Twain alizitumia katika kitabu chake cha mwaka 1905 dhidi ya Leopold. Booker T. Washington, mwalimu wa zamani, aliandika na kuzungumza kwa ajili ya Kongo. Edmund Morel na Roger Casement, wanaotajwa kila mara historia hii inapoandikwa, walianza kampeni yao ya pamoja mwaka 1904, karibu miaka 5 baada ya Sheppard kuingia katika kambi ile. Katika vitabu vingi nafasi yake ni ya mistari michache, na hilo si haki.

Mashitaka ya faranga 80,000

Mwezi wa kwanza mwaka 1908, katika gazeti dogo la misheni, Sheppard aliandika makala juu ya Wakuba. Alikumbusha mashamba yao makubwa na nyumba zao nzuri za miaka michache nyuma. Kisha akaeleza anachokiona sasa: walinzi wenye bunduki wanawalazimisha watu kuingia msituni kutafuta kauchu kwa malipo kidogo, nyumba zinaanguka, mashamba yamekuwa pori, watoto wana njaa.

Kampuni ya Kasai, iliyokuwa imeshika biashara yote ya kauchu katika eneo hilo tangu mwaka 1901, ilimshitaki kwa kuichafulia jina, pamoja na Morrison aliyechapisha. Ilidai faranga 80,000. Misheni haikuwa na pesa kama hizo, na asiyelipa angefungwa.

Kesi ilisikilizwa Léopoldville tarehe 20 mwezi wa tisa mwaka 1909, mamia ya kilomita kutoka Kasai. Ubelgiji ilikuwa imechukua Kongo kutoka kwa Leopold mwaka uliotangulia, lakini Marekani na Uingereza zilikuwa bado hazijakubali hatua hiyo, na mabalozi wao wadogo walikaa mahakamani wakisikiliza. Mashitaka ya Morrison yalifutwa kwa kasoro ya kisheria. Akabaki Sheppard peke yake. Aliyemtetea, bila kudai malipo, alikuwa Émile Vandervelde, kiongozi wa chama cha kisoshalisti cha Ubelgiji, mtu asiyeamini dini, aliyesafiri kutoka Ulaya kumtetea mchungaji.

Tarehe 4 mwezi wa kumi hukumu ilitoka: hana hatia, na kampuni ilipe gharama za kesi. Lakini hakimu alichagua njia ya kujikinga. Alisema kwamba Sheppard hakuwa ameikusudia kampuni hiyo alipoandika juu ya walinzi na mateso. Mshitakiwa akatoka huru, na kampuni nayo ikatoka bila kuambiwa kwamba ilifanya mabaya. Wakuba waliokuwa tayari kutoa ushahidi hawakupata hukumu iliyotaja waliowatesa.

Mwaka uliofuata, 1910, Sheppard aliondoka Kongo moja kwa moja. Iliyotangazwa ni afya mbaya, na ni kweli homa zilikuwa zimemchosha. Kuna sababu nyingine ambayo kanisa liliificha kwa miaka mingi. Wakati Lucy yuko mbali, Sheppard aliishi na wanawake wa Kikuba, na mmoja wao alimzalia mtoto wa kiume. Alipoulizwa na wakubwa wa kanisa alikiri. Alisimamishwa uchungaji, akaishi kimya na familia yake Staunton, mji ule ule alikotunza farasi. Jimbo alilorudia lilikuwa limebadilika kwa ubaya: katiba ya Virginia ya mwaka 1902 iliwanyang'anya watu weusi wengi haki ya kupiga kura. Mtu aliyesimama mbele ya kampuni ya kikoloni na mahakama yake hakujulikana kwa kupinga hadharani sheria za nyumbani. Pengine alijua bei yake. Kasai alikuwa na pasipoti ya Marekani. Virginia haikumsaidia kitu.

Mwaka 1911 vitu alivyokusanya kwa Wakuba, visu, vikombe, mikeka na nguo za rafia, viliingia katika makumbusho ya shule yake ya Hampton, ambako bado vinaonyeshwa. Mwaka 1912 alirudishiwa uchungaji na kupewa kanisa la watu weusi Louisville, jimbo la Kentucky. Alihudumu huko mpaka kiharusi kilipompata mwaka 1926. Alikufa mwezi wa kumi na moja mwaka 1927, akiwa na miaka 62, na watu zaidi ya 1,000 walikuja kumzika. Mtaa mmoja wa nyumba za serikali mjini humo ulipewa jina lake. Lucy aliishi mpaka mwaka 1955.

Mtoto wake wa Kikuba alibaki Kasai. Aliitwa Shapit, ndivyo Wakongomani walivyotamka jina la baba, na alipokuwa mtu mzima alisimamia mashine za uchapaji za misheni.